Mfupa wa kuku tunaoutupa una siri ya kuruka

Leo siandiki siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila nyumba ya pwani hukitupa jaani karibu kila wiki, nacho ni mifupa ya kuku. Tunakula biriani, tunanyonya uboho, kisha sinia linarudi jikoni na paka wanangoja mlangoni. Ndani ya mabaki yale mna kazi ya uhandisi ambayo binadamu ameiangalia kwa karne nyingi kabla ya kuweza kuunda ndege yake ya bati. Na kwa kutoielewa kazi hiyo, kila siku tunawavunja na kuwaua ndege wengi bila ya kukusudia: wa kufugwa na wa porini.

Maneno hayo ya mwisho nitayathibitisha mbele, niachieni nianze na mfupa wenyewe.

Nilisomea stashahada ya mifugo, kwa hivyo mtaani watu hunisimamisha kuniuliza habari za mbuzi, paka na kuku wao. Swali moja hurudi kila mara, hasa kutoka kwa vijana wa skuli: ni kweli kwamba mifupa ya ndege ni mitupu ndani, na ndiyo maana anaruka? Jawabu langu ni kwamba ni kweli nusu. Mingi ni mitupu, lakini si yote. Na utupu wake si wa kupunguza uzito peke yake, kama tulivyofundishwa.

Mwanzi, si unyasi

Jaribio hili halina gharama. Mchukue kuku wa kienyeji aliyekomaa, jogoo mtu mzima ni bora zaidi. Toa kipapatio, utafute ule mfupa mmoja mnene unaotoka begani. Usafishe, kisha uvunje katikati. Utaukuta mkavu ndani, hauna uboho. Ukiangalia karibu na ule upande wa bega utaona kitundu. Hicho si kasoro wala si jeraha la kisu. Ni mlango wa hewa, na tutaurudia.

Sasa vunja mfupa wa paja wa kuku yuleyule. Huo una uboho, na ndio mnaogombea watoto. Kwa hivyo kuku mmoja ana mifupa ya hewa na mifupa ya uboho. Usijaribu hivi kwa kuku wa nyama wa wiki 6, kwani yeye bado ni mtoto. Hewa huingia mifupani kadiri ndege anavyokua, na mfupa wake wa bawa huenda bado haujakamilika.

Kwa nini mfupa uwe bomba na usiwe fimbo nzima? Galileo, yule mwanachuoni wa Italia, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638, akitaja mifupa ya ndege pamoja na matete. Ukiwa na kiasi kilekile cha mali, bomba pana linastahimili kupindwa kuliko fimbo nyembamba iliyojaa. Fundi wa baiskeli analijua hilo bila ya kusoma Galileo, maana fremu ya baiskeli ni mabomba. Na wazee wetu waliojenga kwa mianzi walilijua kabla yake.

Lakini bomba jembamba lina adui mmoja. Likibanwa sana ukuta wake hubonyea, kama kopo la soda mkononi. Ndiyo maana katika mifupa ya ndege wakubwa wanaoruka, ndani mna vijiti vyembamba vya mfupa vilivyopita huku na huku, kutoka ukuta hadi ukuta. Aliyewahi kulala katika nyumba ya kale ya Lamu au Mji wa Kale hapa Mombasa akaangalia juu ameona boriti za mikoko zimepangwa kushika dari. Ndani ya mfupa wa tai mna boriti za namna hiyo, ila zimewekwa pale tu panapobeba mzigo. Pasipo na mzigo hapana kitu.

Je, mifupa hii ni mepesi?

Hapa ndipo wengi wanaposhangaa. Mifupa yote ya ndege ukiipima pamoja na kuilinganisha na uzito wa mwili wake, haipishani sana na ya mnyama mdogo wa kadiri yake asiyeruka. Mwaka 2010 mtafiti wa Marekani, Elizabeth Dumont, alilinganisha mifupa ya ndege wadogo, popo na panya, akaona kwamba mali yenyewe ya mfupa wa ndege ni nzito kuliko ya panya. Mfupa wa ndege umeshindiliwa zaidi, kwa hivyo ni mgumu na haupindiki ovyo. Una umbo la bomba, lakini ukuta wa bomba hilo ni wa mali iliyo bora.

Kwa hivyo tusiseme ndege ana mifupa hafifu. Tuseme amepewa mfupa mwembamba, mgumu na mkavu. Wenye paka waangalie hapo: mfupa wa kuku uliopikwa ukivunjika hutoa ncha kali kama sindano. Paka wa jirani akikwamwa nao kooni, msije mkaniita usiku.

Mfano unaotajwa sana ni wa ndege wa baharini aitwaye frigeti, mweusi, mwenye mkia wa panda, ambaye huwanyang'anya ndege wenziwe samaki hewani. Huzaliana Aldabra, kule Shelisheli, na mara mojamoja mabaharia wetu humwona akielea juu ya bahari hii yetu. Mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita 2, na mifupa yake ikikaushwa imepimwa ikapatikana gramu 114 hivi, chini ya uzito wa manyoya yake. Watu wakisikia hivyo husema, kumbe mifupa yake si kitu! Mimi naona funzo liko kwenye manyoya. Mzigo mkubwa amewekewa pale panaposukuma hewa, na mfupa umebaki kiasi kinachotosha kuushika.

Na asiyehitaji wepesi hakupewa. Pengwini haruki, anapiga mbizi, na mifupa yake imejaa. Mnandi tunayemwona juu ya vigingi na miamba akianika mabawa anaruka na kupiga mbizi pia. Mifupa yake haina hewa nyingi kama ya ndege wengine wa kadiri yake. Angekuwa na hewa tele mwilini angeelea kama boya kila akitaka kuzama. Kila mmoja amekatiwa kanzu kwa kipimo chake. Subhanallah.

Hewa inayopita mfupani

Turudi kwenye kile kitundu cha mfupa wa bawa. Mapafu ya ndege ni madogo na hayapanuki sana. Yameungana na vifuko vyembamba vya hewa, kwa ndege wengi ni 9 hivi, vilivyotandaa kifuani, tumboni na shingoni. Vifuko hivyo ndivyo vinavyojaa na kutoa, na hewa hupita mapafuni kwa mkondo wa upande mmoja, ndege akivuta pumzi na akishusha pia. Baadhi ya vifuko hupenya mpaka ndani ya mifupa, na mlango wake ni kile kitundu.

Daktari wa Uingereza, John Hunter, aliandika mwaka 1774 juu ya jambo hili. Aliziba koo la ndege, akafungua mfupa wa bawa, akaona ndege anaendelea kupumua kupitia mfupani. Jaribio lenyewe ni la ukatili na sitaki mtu alirudie. Lakini yafaa tuukumbuke ukweli wake: mfupa wa juu wa bawa ukivunjika na kutoboa ngozi, umefungua njia ya moja kwa moja mpaka kwenye viungo vya pumzi.

Jambo la pili, ambalo nataka kila mzazi alisikie: ndege hana kile kiwambo cha nyama tulicho nacho sisi baina ya kifua na tumbo. Ili avute pumzi, lazima mfupa wa kidari ushuke na mbavu zifunguke, kisha kidari kirudi juu. Kifua chake chote ni mvukuto wa mhunzi. Ukikibana kwa mkono, umeufunga mvukuto. Kifaranga aliyekufa mkononi mwa mtoto mara nyingi hakufa kwa hofu wala kwa jicho la husuda. Amekosa pumzi, na mdomo na pua zake ziko wazi.

Mkuku wa kuku

Wanaounda majahazi wataelewa sehemu hii upesi kuliko wengine. Kila jahazi lina mkuku, ule mti mrefu wa chini ambao mataruma yote huota juu yake. Kuku naye ana mkuku. Baada ya kula kidari, huo mfupa bapa unaobaki, wenye ukingo uliosimama kama ubao katikati, ndio wenyewe. Ukingo ule ni mahali pa kushikia misuli ya kuruka, na misuli ya kuruka ndiyo kidari chenyewe.

Tazama tena nyama ya kidari kabla haijapikwa. Utaona mnofu mkubwa juu, na chini yake, umeegemea mfupa, mnofu mwembamba mrefu wenye kano nyeupe. Wapishi huutenga. Mnofu mkubwa kazi yake ni kushusha bawa kwa nguvu. Mnofu mdogo kazi yake ni kuliinua bawa. Lakini mtu atauliza, vipi mnofu ulio chini ya bawa ulivute bawa kwenda juu?

Jawabu ni kapi. Ile kano nyeupe hupanda mpaka begani, ikapita katika tundu lililofanywa na mifupa mitatu inapokutana, kisha ikageuka na kujishika juu ya mfupa wa bawa. Mnofu ukivuta chini, bawa linakwenda juu, kama baharia anavyovuta kamba kuelekea sitaha na foromali ikapanda mlingotini. Faida yake ni kubwa. Nyama yote nzito imekaa chini ya mwili, mahali pa farumi, na mgongo umebaki mwepesi. Chombo kisicho na farumi hupinduka, na ndege pia.

Msuli wa nguvu kiasi hicho ungeweza kukivunja kifua cha mwenyewe. Kwa hivyo baina ya bega na mkuku pamesimamishwa nguzo mbili nene, moja kila upande, kuzuia kifua kisibonyee. Na mbele yake kuna ule mfupa wa panda, ulio kama herufi V. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha walichokiona baada ya kuwapiga kwenzi picha za eksirei za mwendo wakiwa wanaruka ndani ya bomba la upepo. Walikuta ule mfupa wa panda ukitanuka kila bawa likishuka na kurudi kila likipanda, kama springi.

Mbuni hana ukingo ule. Mfupa wake wa kidari ni bapa kama chelezo, na wataalamu walilipa kundi lake jina la Kilatini linalotokana na neno lenye maana hiyohiyo ya chelezo. Mabawa anayo, manyoya anayo, lakini hana mahali pa kufungia misuli. Na sisi je? Giovanni Borelli, Mtaliano mwingine, katika kitabu chake kilichotoka 1680, alihoji kwamba binadamu hata akifungwa mabawa hatoruka kwa nguvu zake, maana misuli ya kifua chake ni sehemu ndogo mno ya uzito wake. Hatuna mkuku. Kifua chetu kimeumbwa kwa kukumbatia na kubeba.

Kuku naye mbona hafiki mbali? Angalia rangi ya nyama. Kidari cha kuku ni cheupe. Ni misuli ya ghafla, ya kumpandisha mtini akikimbizwa na mbwa, kisha inachoka. Kidari cha njiwa ni chekundu cha kuiva, kimejaa damu, kwa sababu njiwa hupiga mabawa kwa masaa. Mifupa yao inafanana, injini zao mbalimbali.

Mifupa iliyounganishwa

Mkono wako una mifupa 27. Ndege amebakiwa na michache, na sehemu kubwa ya kiganja imeungana kuwa kipande kimoja kigumu kinachobeba manyoya marefu ya mwisho. Vidole ni vitatu tu. Kimoja, kile gumba, hubeba kishungi kidogo cha manyoya ambacho ndege hukisimamisha anapotua, ili asianguke kama jiwe mwendo unapopungua. Safari nyingine ukimwona kunguru anatua juu ya ukuta, hata kama humpendi, tazama ukingo wa mbele wa bawa lake.

Mgongo nao ni hivyohivyo. Sehemu ya kiunoni imeungana na nyonga ikawa sahani moja, na kwa kuku na njiwa hata baadhi ya pingili za kifuani zimeshikana. Kinachoungana hakihitaji misuli mingi ya kukishikilia, na mwili haupindiki hewani. Upole wote umeachwa shingoni. Mimi, wewe na twiga tuna pingili 7 za shingo. Bata maji wa Ulaya ana zaidi ya 20. Mkono umegeuzwa bawa, kwa hivyo shingo imekuwa mkono.

Miguuni watu hukosea sana. Wanasema heroe goti lake linakunjika nyuma. Lile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti liko juu, limefichwa na manyoya karibu na tumbo. Heroe anatembea kwa ncha za vidole maisha yake yote. Na anaposimama kwa mguu mmoja hachoki. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Marekani walionyesha kwamba hata heroe aliyekufa anaweza kusimamishwa kwa mguu mmoja bila ya kushikwa, kwa jinsi viungo vyake vinavyojifunga.

Na mkia. Kile kinundu cha mwisho cha kuku ambacho wengine hukigombea na wengine hukichukia kina pingili zilizoungana, na ndicho kitako cha manyoya ya mkia. Ni usukani na breki. Mwandishi al-Maqqari, wa karne ya 17, anasimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyeishi karne ya 9, aliyejivika manyoya na mabawa akaruka kutoka mahali pa juu. Inasemwa alikwenda masafa, lakini alipotua aliumia mgongo, kwa kuwa hakujitengenezea mkia. Ndege hutua kwa mkia.

Benki ya chokaa

Hapa sasa nataka wafugaji wanisikilize.

Mama mmoja jirani yetu hapa Kisauni anafuga kuku wa mayai. Siku moja akaniita. Nilipofika nikampa shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Hebu waone hawa. Jana wametaga, leo wamelala ubavu hawainuki. Watu wananambia wana kijicho."

Nikamwinua mmoja, nikampitisha kidole kifuani. Mkuku ulikuwa umepinda kama herufi S. Nikamuuliza, "Mama, wanakula nini?"

"Chakula cha vifaranga kilichobaki. Cha mayai kimepanda bei, wajua hali."

Kijicho hakikuwepo pale. Kila yai linahitaji gramu 2 hivi za kalsiamu kwa ajili ya ganda. Kuku wa mayai wa kisasa anaweza kutaga mayai 300 kwa mwaka. Ganda hutengenezwa zaidi usiku, wakati kuku halali na chakula mdomoni. Kwa hivyo Mola amemwekea benki: kabla ya kuanza kutaga, ndani ya mifupa yake ya miguu hujengeka mfupa laini wa akiba, ambao huvunjwavunjwa usiku kutengeneza ganda na kujazwa tena mchana. Mchana usipoleta kitu, usiku haungoji. Anachukua kutoka akiba, na akiba ikisha anaanza kula kuta za nyumba. Yai linatoka zuri, mama anafurahi, kumbe ameuza mfupa wa kuku.

Tafiti zilizofanywa Ulaya katika miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa kuvunjika kwa mkuku ni jambo la kawaida mno kwa kuku wa mayai, hata wanaofugwa kwa uangalifu. Sisi huku tunaofuga kwa kubahatisha tusijidanganye.

Nilimwambia mama yule mambo manne, nami nayarudia. Mpe kuku anayetaga chakula cha kuku anayetaga. Mwekee pembeni makombe ya chaza yaliyopondwa au mawe ya chokaa ya kuku, chengachenga na si unga, hasa alasiri, ili zibakie tumboni usiku wakati ganda linatengenezwa. Mpe nafasi ya kutembea na jua la asubuhi, kwani mfupa usiofanya kazi hudhoofika. Na usiweke kijiti cha kulalia juu sana, maana kuku mzito akiruka chini gizani hutua kwa mkuku. Vifaranga na kuku wa nyama wasipewe chokaa hiyo nyingi ya kutagia, huwaharibu figo.

Kuku wa nyama ana msiba wake. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kidari. Kwa wiki 6 anapita kilo 2, na mifupa yake ni ya mtoto. Ukimwona amekaa tu, si mvivu. Amebebeshwa kifua kizito kuliko miguu yake.

Mkono wako na mfupa wake

Sasa nirudi kwenye neno nililolitoa mwanzo, kwamba tunawavunja bila ya kukusudia.

Sokoni utaona kuku wamefungwa miguu kumi kumi, wamening'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda. Matumbo na maini yanalalia vifuko vya hewa, na mvukuto wa kifua unafanya kazi chini ya mzigo. Wengine hubebwa kwa bawa moja, na uzito wote ukashikwa na kiungo cha bega ambacho hakikuumbwa kuning'inia. Dini yetu imetuamrisha ihsani hata wakati wa kuchinja. Basi na ifike mpaka kwenye njia ya kwenda kuchinjia. Mshike kuku kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni, kiganja kimoja chini ya mwili, na kifua kiachwe kipumue. Kama ni wengi, tumia tenga pana.

Watoto wafundishwe kumshika kifaranga kama wanavyoshika maji, kwa kiganja kilichokunjuliwa. Na manati, ambayo likizo ikifika huonekana tena mitaani, tuyazungumze nao. Jiwe la manati kwa njiwa si mchubuko. Mfupa ule mgumu na mwembamba haubonyei, hupasuka vipandevipande.

Ukimpata ndege aliyevunjika bawa, usilivute kulinyoosha. Usimfunge kitambaa kuzunguka kifua kwa nguvu. Usimmwagie maji wala spiriti kwenye jeraha la juu ya bawa, kwa sababu mfupa ule ni njia ya pumzi na unaweza kumzamisha akiwa nchi kavu. Mweke ndani ya boksi lenye matundu, mahali pa giza na kimya, kisha mpelekee daktari wa mifugo. Kama ni ndege wa mwitu, wajulishe maafisa wa Shirika la Wanyamapori, KWS.

Tunaoishi baina ya Sabaki na ghuba ya Mida tuna dhamana ya ziada. Huko hutua ndege wadogo wa ufukweni wanaotoka mpaka Siberia. Na angani, mwezi wa Novemba na Desemba, hupita kozi wa Amur, mwenye gramu 150 hivi, sawa na embe dogo, baada ya kuvuka bahari kutoka India bila ya pa kutua. Kuna ndege wa ukoo wa sururu waliopimwa wakakutwa kwamba kabla ya safari ndefu hupunguza hata utumbo na ini ili wawe wepesi. Mwaka 2022 mmoja wao, aliyefungwa kifaa cha setilaiti, aliruka kilomita 13,560 kutoka Alaska hadi Tasmania kwa siku 11 bila ya kutua. Utumbo wanaweza kuupunguza na mafuta wanayachoma njiani. Mfupa wa bawa hauna wa akiba. Ukivunjwa na jiwe la mtoto wa miaka 9 au kukatwa na mshipi wa kuvulia uliotupwa ufukweni, safari imekwisha hapohapo.

Qur'ani inatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, wanavyokunjua na kukunja mabawa. Nimekuwa nikiwaza kwamba kutazama huko si kwa macho ya mbali tu. Hata yule aliyefungwa miguu kwenye tenga anatazamwa, na namna tunavyomshika itaonyesha tumeona nini.

Wiki ijayo, inshallah, nitajibu maswali yenu juu ya mdondo wa kuku. Wenye kuku wa mayai, leo jioni wapitisheni vidole kifuani mmoja mmoja. Mkuku ukiwa umenyooka, mshukuru Mungu. Ukiwa umepinda, anzeni na chakula kabla ya kumtafuta mganga.